Jicho la Kushoto la Ng'washi

Lipangalala, Ifakara
Jumapili, Agosti 1996

Dada Kabula,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii imekukuta umesimama kwa miguu yako mwenyewe, na mama analala na kuamka bila yale maumivu ya kiuno. Shemeji, watoto na ng'ombe, wote wazima? Hapa tulisikia kwamba huko mvua zilikatika mapema. Kama mtama haukushika usinifiche, andika. Mimi mwili wangu mzima. Yaliyobaki ndiyo yamenikalisha chini na kalamu.

Shija, mdogo wa mumeo, alifika Jumatano. Alinikuta kwenye mashine ya kukoboa mpunga, tuko watu kumi na watatu kwenye foleni, mimi wa nane. Hakuingia nyumbani, hakunivuta pembeni. Alisimama pale pale kwenye pumba akasema kwa sauti ya mnadani:

"Minza, dada yako kasema mtoto umrudishe. Umrudishe kama alivyokukabidhi."

Nikamwambia, "Shija, hata salamu?"

"Salamu nitatoa nikishamwona mtoto. Mama naye ameshakausha dawa ya macho, kibuyu kizima. Kinachosubiriwa ni mtoto tu."

Fundi alizima mashine ili asikie vizuri. Dada, nimeishi mji huu miaka saba. Nilifika nikiwa nyuma ya ng'ombe wa Masanja, mume wangu wa wakati ule, naye aliponiacha akaenda na ng'ombe wake kusini zaidi, nilibaki na jembe moja na sufuria mbili. Leo ninalima ekari sita na nyumba yangu ina bati. Jumatano hiyo niliondoka kwenye foleni mbele ya watu hawa, mpunga wangu haujakobolewa.

Habari za ugonjwa zimekufikia kabla ya barua yangu; sasa ninakujibu. Nianze na lile unalolitaka, usije ukalitafuta kwenye kurasa: Ng'washi yu hai. Jicho la kulia limekufa. La kushoto linaona mwanga, linaona kivuli cha mtu mlangoni, na mkono ukisogezwa karibu linaona kwamba ni mkono. Surua ndiyo iliyotuingilia. Ya jicho la kushoto ndiyo yaliyonifanya niandike, kwa sababu hilo bado lipo, na kibuyu cha mama kinaweza kuliua.

Nitakupa kwa mpangilio wa siku. Usiruke.

Mwezi wa tatu, kabla ya yote, kliniki ya mkoba ilikuja Lupiro, upande wa pili wa mto, kule nilikokodi mashamba. Nesi alikaa chini ya paa la ofisi ya kijiji na boksi lake la barafu. Nilipanga foleni na Ng'washi mgongoni.

"Kadi ya mtoto, mama?"

"Kadi imebaki kwao Maswa. Lakini kachanjwa. Tazama kovu begani."

"Hilo la begani ni la kifua kikuu. Ya surua haiachi kovu. Bila kadi tunachoma tu, haidhuru hata kama alishachomwa."

"Dada yangu kaniambia zote tayari. Mimi gunia moja silipimi mara mbili."

Wanawake kwenye foleni walicheka. Nesi naye akacheka, akasema, "Haya, mwenye mizani, pita," akamwita anayefuata. Nilirudi shambani nikiwa nimekifurahia kile kicheko njia nzima.

Unakumbuka pale stesheni ya Malampaka siku uliyonipa mtoto? Treni imeshapiga honi, mama analia, wewe unanipa mfuko wa karanga dirishani. Nilikuuliza, "Chanjo?" Ukanijibu, "Zote." Nimelifikiria sana neno lile. Nilitaka kuandika kwamba sikulaumu. Lakini si kweli, ninakulaumu kwa nusu. Nusu ya pili ni yangu, maana wewe ulisema neno moja nilipokuwa nimeshapanda treni, na mimi niliambiwa na mtu aliyeshika sindano mkononi.

Mwisho wa mwezi wa tano mpunga ulikuwa unatoa maziwa. Hapa kwetu wakati huo watu wote wanahamia shambani, mji unabaki na wagonjwa na makarani. Tunakaa kwenye dungu, kibanda cha juu ya miti, tunaamia ndege kwa kombeo na kelele tangu jua linapotoka mpaka linapozama. Ng'washi alikuwa anapenda kazi hiyo kupita sisi wote. Alikuwa na debe lake bovu la kupiga.

Siku ya kwanza alianza kukohoa na mafua, macho mekundu yanatoa maji. Nikasema ni moshi. Siku ya pili aliacha debe akalala. Siku ya tatu homa, mwili unachoma kama kikaango. Siku ya nne asubuhi nilipomgeuza nikaona vipele nyuma ya masikio, vidogo, vimepangana. Kufika jioni uso wote ulikuwa umejaa. Nilianza kuvihesabu kwenye shavu moja, nilipopita sabini nikaacha.

Shamba linalopakana na langu ni la Bibi Anastazia, Mpogoro, kikongwe ambaye bado anabeba kuni zake mwenyewe. Tunataniana tangu nilipofika. Siku ile alipanda dungu langu bila kuitwa, akamtazama mtoto, akaniambia:

"Wewe Msukuma, ng'ombe akikohoa mara moja unamfuata bwana mifugo mpaka Ifakara. Mtoto unamweka huku juu kama mbegu. Unasubiri nini?"

"Bibi, surua haichomwi sindano. Ikichomwa kabla haijatoka yote, inarudi ndani."

"Nani kakwambia?"

"Mama yangu."

"Mama yako yupo hapa?"

"Hayupo."

"Basi mtoto yupo."

Akashuka. Mimi nikakaa na mafundisho ya kwetu. Nilimteremsha mtoto kwenye kibanda cha chini, nikaziba mlango kwa kaniki ili mwanga usimuumize. Sikumwogesha. Nilimpaka maji ya unga wa mtama apoe mwasho. Samaki sikumpa, wala yai, wala kitu chenye mafuta, na ndani ya kibanda sikukaanga chochote, maana tulifundishwa surua haipendi harufu hiyo. Alikunywa uji mweupe tu. Macho yalipoanza kushikana kwa tongo, nilikwenda ukingoni mwa shamba nikatafuta yale majani ya mama. Unayajua, sina haja ya kuyataja. Nikayaponda, nikayakamua kwenye kitambaa. Matone mawili asubuhi, mawili jioni, kila jicho, siku tatu. Kumi na mawili kila jicho. Hakuna aliyenisaidia kukamua, Dada. Ni vidole hivi hivi vinavyoandika.

Aliniambia, "Mayu, inauma kama pilipili." Mayu, kama mama aliyemzaa, ndivyo alivyozoea kuniita tangu mwezi wa pili wa kukaa kwangu, nami sikumkataza, maana wewe uliniambia umenipa mtoto kwa kuwa mimi sikujaliwa.

Nikamjibu, "Dawa ikiuma ndiyo inafanya kazi."

Kila nilipokuja na kitambaa alikuwa anafumbua macho mwenyewe, bila kushikwa.

Siku ya saba vipele vilifika kwenye nyayo, nami nikafurahi, kwetu husemwa ikifika miguuni imekwisha. Lakini ngozi ya uso ilikuwa imekuwa nyeusi kama ya mtu aliyeungua, na midomo imepasuka, na kifua kinakwenda mbio. Nikachukua saa. Nilihesabu pumzi zake dakika nzima: sitini na mbili. Nikahesabu zangu: kumi na nane. Nikarudia nikidhani nimekosea. Sitini na nne. Hapo ndipo nilipomwita Bibi Anastazia kwa kupiga yowe, na hakuniambia "nilikuambia". Alimfunga mtoto mgongoni mwangu kwa khanga yake, akamsimamisha mvuvi mmoja aliyekuwa anapeleka samaki mjini, akamwambia, "Shusha tenga, pakia watu." Yule baba alishusha samaki wake njiani bila swali. Kwa baiskeli tulitumia saa mbili na robo mpaka mtoni, na dakika arobaini kusubiri pantoni. Dakika hizo arobaini nilizihesabu kwa pumzi, siwezi kukuandikia zilikuwa ngapi.

Hospitalini kitu cha kwanza nesi alichofanya ni kumwogesha. Nilipiga kelele.

"Mama, unamwogopea maji?"

"Atarudisha ndani!"

"Kilichorudi ndani ni uchafu, mama. Kaa hapo."

Wakamchoma sindano ya mapafu, maana alikuwa ameshapata nimonia. Wakakata ncha ya kidonge kimoja laini, wakammiminia mdomoni mafuta yaliyomo. Kisha nesi akafunua kope, akaniuliza, "Umemtia nini machoni?"

"Sikumtia kitu."

Akaosha jicho la pili. "Mama, umemtia nini?"

"Maji tu."

Alikwenda akarudi na daktari wa macho, mzee mwenye mvi. Yeye hakuniuliza umemtia nini. Aliniuliza, "Umetia mara ngapi?" Hilo, Dada, nikashindwa kulidanganya. Nikamwambia mara sita, matone kumi na mawili kila jicho.

Alinieleza kwa upole. Kwamba surua inapoingia inamaliza kile kirutubisho cha macho kilichomo mwilini, kile kilichomo kwenye maini, mayai, samaki, mapapai na mboga za majani. Kwamba mtoto wa surua ndiye anayehitaji vyakula hivyo kuliko mwingine. Kwamba kioo cha jicho kililainika kikapata kidonda, na maji ya majani yakaingia kwenye kidonda. La kulia lilikuwa limetoboka. La kushoto kidonda kilikuwa pembeni, hakijafika katikati. Afadhali angenikaripia.

Tulikaa wodini siku kumi na tisa. Ngozi yake ilianza kubabuka usoni, ikashuka mpaka mapajani, magamba membamba kama ya kitunguu, kila asubuhi shuka imejaa. Mama wa kitanda cha pili alihamisha mtoto wake akidhani ni ukoma. Ng'washi mwenyewe, macho yamefungwa bandeji, alikuwa anashika kipande mkononi anakivuta taratibu na kucheka: "Mayu, ninajimenya kama kiazi." Aliyekuwa amehama akacheka, akarudi. Ngozi imeota yote, Dada. Imebaki na mabaka mashavuni, na yanafifia. Watoto wa jirani wanamwita Chui, naye anawangurumia wanakimbia. Kwa ngozi, ningeweza kukurudishia mtoto kama ulivyonikabidhi.

Shija kasema huko kwenu inasemwa nilimwacha mtoto kwa ajili ya mpunga. Hilo liliniuma kuliko yote. Siku hizo kumi na tisa hakuna aliyepiga hata kofi kwenye shamba langu. Nilikwenda kuvuna nikakuta mabua. Magunia kumi na moja, ambapo mwaka juzi nilitoa sitini na manne, ekari zile zile. Waambie hivyo wanaosema.

Nimeandika hayo nikaweka kalamu, nikatoka nje, nikarudi. Kuna neno sikumwambia hata Bibi Anastazia. Zile siku tatu za mwanzo, mtoto alipokuwa na homa na macho mekundu, nilijua moyoni kwamba si moshi. Ndege walikuwa wanashuka kwa maelfu. Nilijiambia, ngoja kesho. Kwa hiyo wanaosema hivyo hawajui kitu, lakini hawakukosea.

Sasa sikiliza hili, na hapa usisome kwa sauti kama mama yuko karibu.

Tangu utoto tumeambiwa jicho la kaka Mabula lilikwenda na surua. Nilikuwa kwenye benchi la hospitali nilipolikumbuka. Mwaka ule tuliumwa wanne: wewe, mimi, Mabula na marehemu Holo. Mama alitutia majani wote wanne. Wewe na mimi tulitoka wazima. Mabula alitoka na jicho moja, na Holo hakutoka. Sisi tunatajwa kama ushahidi kwamba dawa ya mama inaponya, na wale wawili wanatajwa kama kazi ya surua. Dada, mtu akiniuzia mbegu ikaota nusu, mwaka wa pili sinunui kwake. Tumenunua miaka yote hii.

Simlaumu mama. Alikuwa na watoto wanne ndani ya nyumba moja na hakuna wa kumuuliza. Mimi nilikuwa na nesi, na Bibi Anastazia, na mto wenye pantoni. Kama unaona ataumia, usimwambie habari za Mabula. Lakini kibuyu kile kimwage. Mwambie kimeanguka. Mwambie mbuzi amekipiga. Kimwage.

Daktari anasema kovu la jicho la kushoto bado linakaza, na mpaka Krismasi litakuwa limeamua. Kila wiki mbili ninampeleka. Kuna mafuta ya kupaka yaliyomo kwenye kidude kama cha dawa ya mswaki, mara tatu kwa siku, sijawahi kukosa hata mara moja. Likitulia, huenda akaona njia, huenda akasoma herufi kubwa. Likitiwa kitu kingine chochote, hata maji ya mchele, hata maziwa ya mama, basi.

Kwa hiyo simpi Shija. Nimemwambia uso kwa uso, akasema, "Unamnyima mama yake?" Nikamwambia, "Ndiyo, mpaka Krismasi." Wewe ni mkubwa wangu, uliniosha, ulinifundisha kupika, na maisha yangu yote sijakuambia hapana. Hii ni ya kwanza. Umenitaka nimrudishe kama ulivyonikabidhi, na siwezi. Na nikimrudisha leo nitakuwa nimekuletea aliyepungua zaidi, kwa kuogopa midomo ya watu. Baada ya Krismasi nitamleta mwenyewe kwa treni, na chochote utakachonifanyia pale Malampaka mbele ya abiria, nifanyie. Au njoo wewe sasa. Kitanda kipo. Njoo umpake mafuta kwa mkono wako, umsikilize daktari kwa masikio yako, kisha tuamue wote wawili.

Na yule mdogo wake, Ndalahwa: leo leo tafuta kadi yake, usome mstari wa surua. Kama ni mtupu, mbebe kesho. Usiniandikie sababu.

Nisalimie mama, umwambie mwanawe anamheshimu na atamletea kitenge. Msalimie shemeji, baba wa watoto, najua ana hasira na haki yake anayo. Kaka Mabula msalimie sana, nitazungumza naye nikija. Baba mdogo fundi wa matoroli, shangazi anayewauzia maziwa, na yule jirani yetu aliyetusindikiza stesheni na baiskeli, wote shikamoo. Bibi Anastazia, ambaye hamfahamiani, anakusalimu; anasema sisi Wasukuma ni watu wa kusubiri, na wewe usisubiri.

Ng'washi yuko hapa kiwikoni pangu, anataka na maneno yake yaandikwe. Anauliza kama yule ng'ombe aliyepewa na babu yake amezaa. Nimemwambia utajibu, nami nitamsomea. Na kama amezaa, anauliza ndama ana rangi gani. Nikamwambia, "Mama atakuandikia, mwekundu au mweusi." Kasema, "Asiseme mwekundu tu. Aseme mwekundu wapi, na mweupe unaanzia wapi." Kwa hiyo, Dada, kabla hujashika kalamu nenda zizini, umzunguke yule ndama, umtazame kila upande.

Ni mimi mdogo wako,
Minza